Juu ya Nini

Mwezi wa kwanza, pale Mabatini,
mama alimuuliza Mama Kabula, mwenye nyumba,
juu ya nini maji hayatoki.
Mama Kabula akatazama paa,
akatazama tangi la jirani, akatazama mawe
yaliyopandiana mlimani kama magunia ya mkaa,
akasema, "Juu ya nini, dada? Mbona sioni kitu."

Kwetu Bukavu, juu ya nini ni kwa nini.
Hapa ni swali la mahali.
Tulikuja kucheka baadaye, baadaye sana.
Siku ile mama aliingia ndani
akakalia begi ambalo hatukuwa tumelifungua.

Tulidhani lugha tumekuja nayo.
Mpakani walikagua kadi za chanjo,
cherehani, godoro, vyeti vya baba vya uuguzi
vilivyoandikwa Kifaransa,
na ulimi tukavuka nao mzima, bila kulipia.
Kumbe ulimi ushuru wake hulipwa ndani ya nchi,
kidogo kidogo.

Mwalimu Lugembe alikata *batoto*, akaandika *watoto*.
Alikata *bitu*, akaandika *vitu*.
Hakuwa mkali. Alinirudishia daftari kwa mikono miwili.
Sauti ilitoka dawati la nyuma:
"Aksanti, bwalimu!"
na darasa zima likaanguka.
Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.
Nilijifunza kuongea kama mtu anayevuka kijito,
nikijaribu kila neno kwa unyayo
kabla ya kulikanyaga.

Baba sasa anahesabu dagaa Mwaloni,
gunia kwa gunia, kwenye kitabu cha mtu mwingine.
Akirudi, paka wa mtaa mzima humsindikiza.
Ila usiku, tukishalala, hupita kitanda kwa kitanda
akitushika kiganjani,
kidole kwenye mshipa, macho kwenye saa.
Hatuumwi. Tunamwacha.

Mama hawapendi dagaa.
"Sambaza wa Kivu wana aibu," husema,
"hawa wanakutazama mpaka kwenye sufuria."
Na ziwa lenyewe! Kwetu ukisimama ufukweni
unaona ng'ambo Rwanda, unaona
nani kaanika mashuka.
Hapa unaona visiwa, kisha maji,
kisha macho yanachoka yanarudi nyumbani.
Na lina mamba. Letu halina mamba.
Hilo amemwambia kila mtu mtaani,
muuza mkaa, mchungaji, fundi wa tangi.

Jumapili tunampigia Nyakulu.
Wiki iliyopita nilimsalimia, nikamweleza shule,
mvua, bei ya unga,
nikamaliza, naye akawa kimya,
nikadhani salio limekatika.
Kisha akasema, taratibu, kwa adabu ya kumwambia mgeni:
"Aksanti, mama. Sasa nipatie Nabintu."

Nilimpa mama simu.
Nikatoka nje, nikafua soksi ambazo hazikuwa chafu.

Ashuza ndiye hana shida. Ana miaka sita.
Asubuhi humwamkia Mama Kabula "mwangaluka"
na kupewa kiazi.
Anapanda yale mawe pekupeku na watoto wa huko juu,
anajua lipi linateleza, lipi lina nyoka,
na anamsahihisha mama mbele ya wateja:
"Si *robo*, mama. Gauni."
Mama anauma pini midomoni, anaendelea kushona.

Jana umeme ulikatika tukakaa mlangoni.
Jiwe kubwa lilikuwa juu yetu, kama kawaida,
limeegemea jiwe dogo, kama kawaida,
na Ashuza, usingizi ukimchukua,
aliuliza kwa kile Kiswahili tulichodhani amekisahau:
"Mama, juu ya nini tulikuya huku?"

Baba aliacha kutafuna.
Mama alitazama juu, muda mrefu,
kama Mama Kabula siku ile.
"Juu ya jiwe," akasema.

Mtoto aliridhika, akalala.
Sisi watatu tulibaki tunalitazama,
na hakuna aliyesema tuingie ndani.