Jiwe la Juu Kabisa

Umeme umekatika tangu saa kumi na mbili.
Umoja yote giza, imebaki simu yangu
na uso wa baba umeuinamia mwanga wake
kama anayesoma risiti ya deni.

Nimerudi juzi. Kusini mwa Italia,
pale kwenye kisigino cha kiatu: siku tisa,
mizeituni iliyopinda viuno kwa uzee,
vichochoro kati ya kuta za mawe,
kijiji cheupe kilimani, kengele, paka,
kimya cha saa nane mchana.
Nimepiga picha mia nne.
Yeye amekwama kwenye ya tatu.

"Sogeza," nasema, "mbele kuna kanisa,
dari yake ya dhahabu." Hasogezi.
Anaitanua picha kwa vidole viwili,
vidole ambavyo machimbo ya Ndarugo yamevila kucha,
anaipita kofia yangu mpya,
anapita bega langu, tabasamu langu,
mpaka ukutani nyuma.
"Nani alijenga hapa?"
Mwongozaji alitutajia askofu, mfalme, mwaka.
Fundi hakumtaja.
"Basi hakuwaambia kitu."

Nyumba za duara, mapaa kama pia
zilizopinduliwa, ncha juu,
jiwe limelala juu ya jiwe,
hakuna boriti, msumari, wala bati.
Baba anatafuta saruji kwenye kila kiungo
kama mama anayetafuta chawa.
"Hakuna," anasema. Kisha tena, polepole:
"Hakuna hata ya kulamba."

Nikamsimulia tulivyosimuliwa,
na sijui ni kweli au ni ya kuwafurahisha wageni,
kwamba mwenye ardhi alikataza chokaa
ili mtoza kodi wa mfalme akionekana bondeni
watu wapande, wang'oe jiwe la juu kabisa,
nyumba ishuke yote, ibaki rundo,
na rundo halitozwi kodi.
Akienda zake, wanajenga upya.

Basi zima tulicheka siku ile.
Baba akailaza simu mezani, kioo juu,
dari yetu ikawa samawati.
"Mukuru walikuja saa kumi alfajiri."
Mimi nilikuwa tumboni; kisa hiki nimekipata kwa vipande:
tingatinga la manjano, godoro kichwani mwa mama.
"Mlango niliuwahi. Mlango na dirisha moja.
Ile nyumba haikujua kushuka. Ilivunjwa."
Akalitafuna neno.
"Kushuka ni ufundi, Syokau.
Kuvunjwa ni kuvunjwa tu."

Hapo Mama Ngina wa chini akapiga kelele, "Maji!
Maji yamekuja!" na ngazi zote zikajaa mitungi,
viatu vya plastiki, watoto, matusi ya kirafiki.
Tulipanda na kushuka mara sita, ghorofa nne,
na mara ya mwisho, akihema, mtungi begani:
"Na hao? Maji yao?"
Mvua inateremka paani, nikamwambia,
inaingia kisimani, chini ya sakafu.
"Chini ya sakafu wanayolalia?"
Akaipiga yetu kwa kisigino, mara mbili,
kusikiliza.
Akina Kiptanui wakagonga kwa ufagio kutoka chini.

Saa nne usiku, betri asilimia kumi na moja,
bado yuko kwenye picha ya tatu.
Dhahabu ya kanisa, sahani ya pweza,
machweo niliyoyasubiri saa nzima juu ya ukuta,
vyote vinamngoja foleni.
Ghafla vidole vikateleza, picha ikarudi nyuma,
akashtuka.
"Na huyu ni nani?"
"Ni mimi, baba."
Akanitazama pale, akanitazama hapa.
"Umekonda. Hawakukulisha?"
Kisha akanisukuma kando kwa kidole kimoja, taratibu:
kulikuwa na pembe ya ukuta
alikuwa hajaimaliza.