Upande wa Kushoto wa Kioo

Kioo huanza kupofuka tukitoka Manyovu,
kabla ya kona ya kwanza:
pembeni kwanza, kama maziwa yanayoganda,
halafu katikati, halafu Korola nzima
imo ndani ya chungu kilichofunikwa.
Nje, ukungu wa Novemba. Ndani, pumzi yangu
na gunia la kahawa la jirani linatoa jasho.

Zamani nilikuwa na feni yenye vidole.
Butoyi alikaa kushoto, tambara mkononi,
akifuta upande wangu kwanza, wake baadaye,
hadi Kasulu, bila kuambiwa.
Tangu Julai yuko bwenini Tabora,
anaandika kwamba huko jua linachoma hadi chaki.

Fundi Gwasa alinisikiliza mswaki u mdomoni,
akasema laki na ishirini, na gari uliache wiki.
Ntibasigwa wa bodaboda akasema: paka kiazi.
Nikapaka kiazi.
Siku nne niliendesha nyuma ya wanga,
nzi wakinisindikiza.

Jumapili basi, baada ya misa.
Mimi si fundi, mimi huzalisha,
lakini kupapasa nisichokiona nimekuzoea.
Fyuzi kwanza: nzima, uzi wake haujakatika.
Nikanusa zulia: hakuna ule utamu wa maji ya rejeta,
kwa hiyo hakuna kinachovuja.
Nikazungusha swichi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.
Kimya, kama mkwe mezani.
Taa ya kupimia ikawaka kwenye waya:
umeme unafika.
Unafika mlangoni, unabisha, haufunguliwi.

Nikalala chali, kichwa mahali pa miguu,
mkono umezama nyuma ya dashibodi hadi kiwikoni.
Skrubu tatu. Ya tatu ilikuwa na kutu,
nikaitukana kwa Kiha,
maana Kiswahili changu ni cha kazini.
Feni ikanidondokea kifuani pamoja na kiota:
maganda ya mahindi, sponji ya kiti, buni mbili,
na kipande cha kadi ya kliniki,
*kilo tatu na robo*,
jina limeliwa.
Panya mwenyewe alishahama.

Kaboni zilibaki unene wa ukucha.
Nikakumbuka brenda iliyokufa mwaka juzi
ikiwa na parachichi kinywani. Kaboni zake nene.
Nikazisugua hapa mlangoni, kwenye simenti,
sugua, pima, sugua, pima,
moja nikaizidisha, ikabidi nivute springi.
Ile mistari miwili myeusi bado ipo,
wageni huiruka wakidhani ni dawa.

Nikaunganisha waya.
Ikakohoa vumbi, unywele, bawa la mende,
ikanyamaza nikaipiga kofi,
ikalia.
Vilio vya kwanza nimesikia vingi.
Huu nao niliuandikia saa:
kumi na moja na dakika nane, jioni.

Sijasema yote kuhusu ule ukungu.
Upande wa kushoto sikuwahi kuupaka kiazi.
Kila kioo kilipopofuka, pale yaliibuka
maandishi ya kidole, ya asubuhi aliyoondoka:
MAMA
PUNGUZA
MWENDO
na chini yake ng'ombe wa miguu mitano,
au minne na mkia, hatukuwahi kukubaliana.
Miezi minne nilisafiri naye hivyo,
nusu kipofu, nikisomewa.

Jumatatu, kabla ya kucha, nikawasha.
Injini ikapata moto, nikafungua upepo.
Ukapanda kutoka chini, taratibu,
ukala miguu ya ng'ombe, wote mitano,
ukala MWENDO, ukala PUNGUZA,
ukasitasita hapo juu kidogo
kwenye M ya kwanza.
Kisha kioo kitupu,
na barabara yote hadi bondeni,
migomba, mtoto na dumu lake la njano,
lori la chumvi limewasha taa zote.

Sijawahi kuiona njia hii ikiwa safi namna ile.
Mguu ukaniponyoka: sitini, sabini.
Kisha nikapunguza.