Fomu ya Watu wa Nyumba Moja

Fomu inauliza: mnalala wangapi chumba kimoja?
Nami nimechutama Barabara ya Kirinyaga,
mbele ya duka la vipuri lililofungwa,
barakoa nimeishusha kidevuni
kwa kuwa Ndolo hasikii vizuri
na hutaka kuiona midomo yangu.

Chumba, narudia. Anacheka.
Kicheko kinamgeukia kikohozi,
nacho kikohozi hakina haraka,
kinakaa kama mgeni aliyekwisha kuahidiwa chai.

Haya, tuhesabu.
Kuna Mwaniki, ubavuni mwa mlango wa chuma,
maana chuma huweka joto la jua hadi saa nne usiku.
Kuna Achola na mwanawe, katikati,
ndani ya magunia mawili ya sukari yaliyoshonwa kuwa moja.
Kuna wavulana wanne wa gundi,
majina yao hubadilika kila Jumatatu;
wiki hii mmoja anaitwa Waziri.
Kuna mzee Kasyoki, zamani mtu wa reli,
ambaye kila alfajiri hulikunja koti lake
pembe kwa pembe,
kana kwamba kuna kabati.

Na aliye karibu nawe zaidi?
"Mbwa."
Fomu haina safu ya mbwa.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki.
Hawakulala hapa.
Hapa kikohozi hufichwa, hutafunwa, hufunikwa gunia,
kwani anayekohoa husogezwa upande wa mtaro,
na mtaro wa Julai hauna huruma.

Nilikuja na somo langu:
msibanane, fungueni madirisha.
"Dirisha letu," akasema Ndolo,
"linaanzia Ngara linaishia Muthurwa.
Baridi ndiyo inayotupanga, dada.
Mgongo kwa tumbo, pumzi kwa shingo.
Ukijitenga, asubuhi unaokotwa."
Somo nikalimeza, kavu.

Nikagawa vikopo vya makohozi, vinane,
kila kimoja na namba yake.
Nikaeleza: tembe ni za miezi sita, usiruke hata siku,
mkojo utakuwa mwekundu, usishtuke,
kula kwanza ndipo umeze.
Kule kwa neno kula
mtoto wa Achola aliinua kichwa.

Dawa za Ndolo tuliziweka kwa Nekesa muuza chai,
nyuma ya mkebe wa majani,
naye hummegea andazi bila kuandika popote.

Alhamisi, saa kumi alfajiri,
wakaja askari wa kaunti na mpira wa maji.
Barabara ikang'aa. Wageni walitarajiwa.
Kibanda cha Nekesa kilipanda lori, mkebe ndani yake,
na nyumba niliyoiandika kwenye fomu
ikatawanyika kila mtu na gunia lake.

Majibu yalitoka Ijumaa.
Kasyoki, hana. Achola, hana. Mtoto, arudiwe.
Namba saba, anao,
na namba saba ni Waziri.

Tangu hapo nazunguka.
Gikomba kwenye majivu, chini ya daraja la Globu,
jalalani nyuma ya soko, nikiuliza:
Jamani, mmemwona Waziri?
Watu wanaangua kicheko.
"Waziri yupi? Hata sisi tunamtafuta!"

Nacheka nao kidogo, nifanyeje.
Tembe zake zi mfukoni mwa aproni yangu,
zinagongana ninapotembea,
na leo ni siku ya tisa,
na Ndolo simwoni pia,
ila jana, karibu na mto,
mbwa mmoja alinifuata hadi kituoni
akalala mlangoni, akisubiri kuhesabiwa.