Saa Kumi na Moja Alfajiri

Godlisten wa umeme kaja na ngazi yake,
kijana mpole, buti zina tope la Kiboriloni,
kasema, mama, hii yenu imezeeka,
tunaleta mita janja.

Janja! Nimeishi Njoro miaka arobaini na miwili,
sijaona kitu chenye jina hilo
kikaingia uani kikatoka mikono mitupu.

Nikampa kigoda, nikampa chai.
Juu ya kichwa chake ile ya zamani ilikuwa inalia,
pii, pii, taa nyekundu,
kama kifaranga aliyesahauliwa nje ya tenga.
Kitufe cha namba tano kimefutwa na vidole vyetu;
ukiitaka tano, unabonyeza kwa imani.

Na pembeni yake, ukuta.
Marehemu Ndetaramo hakuamini karatasi.
Kila tokeni aliiandika kwa penseli kwenye chokaa,
tarakimu ishirini, nne nne:
ile ya Krismasi ukoo ulipopanda wote kutoka Dar
na yuniti zikaisha nyama haijaganda;
ile ya usiku wa kipaimara cha Elinuru,
moja aliyoiandika kama saba,
mita ikakataa, ikakataa,
tukahangaika gizani mpaka tukacheka.
Mimi nasoma, yeye anabonyeza.
Sehemu kubwa ya ndoa yetu ilikuwa hiyo.

Wapangaji wakatoka vyumbani, kila mtu na lake.
Mwanaidi wa cherehani: iletwe hata leo,
nimechoka kulipia majokofu ya watu.
Shirima, mwenye jokofu la lambalamba, akaguna:
kitu kinachojua saa niliyolala na saa niliyoamka
hicho si mita, hicho ni mama mkwe.
Anaeli akauliza kama itatukatia umeme
ikiwa huko huko mbali, bila mtu kupanda ngazi,
bila mtu wa kumbembeleza.
Godlisten akaangalia ndani ya kikombe.
"Itakata," alisema.

Kisha akatoa simu, akatuonyesha
siku nzima ya nyumba moja ya Pasua,
jina kalifunika kwa dole gumba.
Mstari tu: usiku umelala bapa
kama mashamba ya miwa kule chini,
halafu saa kumi na moja alfajiri
unapanda wima, kama mlima siku isiyo na wingu.
"Hapo mtu kawasha hita ya kuogea."

Hakuna aliyenitazama.
Nadhani hakuna aliyenitazama.

Saa kumi na moja, uani kwangu, watu wamelala.
Mwanaidi peke yake anatawadha bombani,
maji ya mlimani, Julai;
nasikia kopo lake likigonga sementi
nami nimesimama ndani ya mvuke.
Tunagawa kwa sita, elfu tano tano.
Daftari ninalo mimi.
Hita haimo.
Mwanzo ulikuwa mgongo, daktari alisema maji moto.
Mgongo ulipona mwaka juzi.

Na mimi ndiye niliyesimama nje ya kanisa
baada ya mnada, mbuzi wa watu mkononi,
nikiwaambia akina mama mita mpya zinakimbia,
zinakula pesa, msikubali.

Ile ya zamani niliiita mwaminifu.
Ilikuwa bubu tu.

Fomu iko chini ya kopo la sukari,
nafasi ya sahihi bado nyeupe.
Sijui kama zinakimbia. Labda zinakimbia.
Sijui nani huko mjini ataangalia mstari wangu
na atafikiri nini juu ya mjane asiyelala.
Ila leo sikuwasha hita.
Nilibeba ndoo mpaka bombani, Mwanaidi akasogea,
akanipisha, hakuuliza kitu.
Maji yalinikamata shingoni kama mdai.

Godlisten akirudi Jumatatu nitamwomba jambo moja:
atoboe upande wa kushoto.
Kulia kuna maandishi.