Tui la Leo

Daktari wa Upanga alikupa karatasi:
nyanya, hapana. Ndimu, siki, achari, mtindi,
samaki aliyelala, hapana, kwa wino mwekundu.
Ukaniuliza, Sikudhani, "Sasa nile upepo?"

Ndiyo maana leo nimeamka na mbuzi,
yule wa mti, mwenye ulimi wa chuma.
Nimemkalia, nimekuna nazi mbili
mpaka Mama Chausiku akachungulia dirishani:
"Makubwa! Mwanamume juu ya mbuzi,
Magomeni hii hii?"

Na ajionee.
Kasimile nimelikamua kwa kipande cha kanga yako
kilichobakiwa na nusu ya jina.
Giligilani ya Kisutu, udongo ungali mizizini;
rehani ya kwenye kopo la rangi pale barazani;
vitunguu majani, chumvi.
Nimetwanga. Umeme ulishakwenda zake
tangu alfajiri, na friji inatoa machozi.

Moto mdogo. Koroga, usiende kuongea na simu:
tui likiachwa lichemke hovyo hukatika
kama urafiki wa mkopo.
Limekuwa zito, kijani
cha ukuta wa shule niliyorudia darasa la nne.

Umekula na viazi vitamu, ukalamba mwiko.
Saa nzima nimekaa naitazama shingo yako,
pale vipele hupenda kuanzia.
Hakuna.
Jasho tu, la Dar, la kila mtu.

Bakuli lililobaki nimempelekea Mama Chausiku.
Nyumba hii haina tena kiporo,
hata cha maneno.