Mgongo

Saa tisa usiku, Ngwazi. Sakitu imeshuka,
majani ya chai yamegeuka kioo,
na Kungugu, farasi wetu wa kijivu, amelala ubavu
akimsukuma mwanawe atoke giza moja
aingie jingine, lenye taa ya chemli.

Nimeshika miguu miwili iliyotangulia.
Kwato zimevikwa nyama laini
kama uyoga wa chini ya mipaini,
zisije zikamchana mama njiani.
Mjomba Luvanda ananong'ona:
Akisukuma, vuta. Akipumzika, pumzika. Usimshindanie.
Hiyo ndiyo shule yote niliyopewa.

Saa kumi kasorobo akasimama,
miguu minne, kila mmoja na wazo lake.
Akaanguka. Akasimama.
"Kamwene," mjomba akamwamkia,
kama mgeni aliyeshuka basi la usiku kutoka Makambako.

Daktari wa mifugo, kijana Nkwera,
aliwahi kuketi juu ya ndoo humu bandani
akatusimulia habari za damu:
kwamba mbali kaskazini, kwenye nyika isiyo na mti,
kando ya mito ambayo majina yake yalimpiga chenga,
watu walilitazama kundi, wakachagua.
Miaka elfu nne na ushei.
Walitaka mawili tu:
mgongo usiolalamika,
na moyo usiokurupuka.
Walionavyo wakazalishwa, wakazalishwa,
wakaijaza dunia, wakafika hata huku juu
ambako mbung'o anashindwa na baridi.

"Na wale wengine?"
Akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Waliokataa hawakuacha watoto."

Tangu siku ile, nikipitisha brashi,
mkono wangu una haya kidogo.
Hili bonde la mgongoni linalonipokea
kana kwamba nilizaliwa nalo,
nani alilichonga? Kwa visu vingapi?
Ndani ya mguu wake, juu ya goti,
ipo sugu nyeusi, kavu, isiyo na kazi.
Mjomba huibandua kwa ukucha, akaitupa.
Labda ni kidole
kilichosahau kuondoka.

Hofu, lakini, haikwisha.
Juzi mfuko wa nailoni ulipeperuka kutoka barabarani,
na mnyama wa kilo mia nne akaruka pembeni, macho meupe,
amemwona simba wa bibi wa bibi zake.
Kisha akageuka, akanitazama.
Mimi!
Nimwambie kama ni simba.
Hapo ndipo walipochonga kweli,
si mgongoni.

Bibi yangu alitoka Lupembe na miaka kumi na minne.
Nyapara akampima kwa macho:
huyu ana mgongo, apewe tenga.
Alilibeba mpaka likamwachia alama mbili mabegani,
na mama yangu akazaliwa mistari ya chai ikiwa mbele yake.
Wapo waliokataa. Walirudi kwao kwa miguu, usiku.
Watoto wao siwajui.
Huwa nawawaza mvua ikinyesha.

Kumepambazuka. Mtoto ananyonya, mkia wake
unacheza kama kidole cha mtu anayehesabu fedha.
Mjomba ananipa hatamu ndogo,
ameishona mwenyewe kwa katani na ngozi ya kiatu.
"Mzoeshe leo leo," anasema, "angali mbichi."
Naisogeza. Mtoto anainusa. Anaitafuna.
Nje wanawake wanapanda kilima, matenga mgongoni,
mmoja anakohoa, mmoja anacheka.

Nikaitundika msumarini.
Kesho, nikasema. Mjomba hakujibu.
Nikachukua ndoo, nikaelekea mlangoni,
na nyuma yangu, juu ya majani makavu,
nikasikia kwato nne laini, hazijaitwa na mtu,
zinanifuata.