Wiki ya Mheshimiwa

Mheshimiwa alishuka Merthyr na mkoba mdogo,
akasema ataishi wiki nzima kwa posho ya Glenys.
Siku ya nne akajisifu: dengu, mkate,
na chenji imebaki.

Glenys akamtazama viatu.
Hakuna kilichotoboka wiki ile.
Friji haikufa. Mtoto hakurefuka
hata akaihama suruali ya shule.
Barua ya kahawia haikuanguka mlangoni
kudai maelezo ya pauni kumi na moja.

Jumapili gari likamfuata.
Akaaga, akaacha taa ya ngazini inawaka.

Glenys akaizima.
Gizani mita ilikuwa inakonyeza,
inakula salio la Jumatatu.

Wiki moja, alisema, hata mimi naiweza.
Ni ile ya mia mbili na sita
inayokuja na meno.